Krenki Ndani ya Sanda

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana mlifungiwa maandazi kabla hamjalisoma, poleni. Nawapa kwa kifupi, halafu tuendelee kuumia pamoja.

Mimi ni yule yule Fikirini wa Nyasubi, mjini Kahama, mwenye cheti cha kidato cha nne na mdomo usio na breki. Kaka yangu Abdu ana Landrova ya petroli, aliyokuwa akipelekea wachimbaji kwenye machimbo ya Geita. Petroli ilipogeuka dawa ya kupimiwa kwa kijiko, nikamtafutia kule Rwamagasa injini ya dizeli iliyokuwa ikivuta maji kwenye shimo la dhahabu. Jinsi nilivyoipata mlishasoma. Jino langu la mbele mpaka leo halijarudi. Fundi akang'oa injini ya asili, akapachika ya dizeli. Gari lilipowaka, mtaa mzima ulitoka nje ukidhani mashine ya kusaga imehamia kwetu.

Niliwaachia hapo: injini ya asili imelala uani vipande vipande, na sisi ndani tunagombana, tuiweke au tuiuze.

"Tuiuze," nilisema. "Machimboni kuna Landrova zimekaa juu ya mawe kwa kukosa kabureta tu. Watatupokea kama wajomba."

"Tuiweke," alisema Abdu. "Hii ya dizeli imetoka shimoni, imekunywa tope maisha yake yote. Siku ikinigomea nitarudisha ile. Ile imezaliwa na gari."

"Imezaliwa na gari! Kaka, umeioa?"

"Afadhali angeioa," akadakia shemeji yangu Tabu, mkewe Abdu. "Angalau ingenisaidia kuchota maji."

Mabishano yale yangekwisha kwa mzaha kama yote ya nyumbani kwetu. Lakini jioni ile redio ikatangaza msako. Wanaoficha bidhaa na wanaolangua, wote ni wahujumu uchumi, wasakwe nyumba kwa nyumba.

Asubuhi yake akaja balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Muhidini. Ni mtu mwema, na wema wake ndio uliokuwa ukituogopesha, maana hawezi kusema uongo hata akibanwa vidole mlangoni.

"Shikamoo, balozi," alisema Abdu.

"Marahaba. Mwanangu, kesho wanapita hapa. Nimeona vyuma uani kwako."

"Ni spea za gari langu mwenyewe."

"Gari lako linatembea?"

"Linatembea."

"Basi halizihitaji. Spea isiyohitajiwa na gari, ikakaa ndani, imefichwa."

"Basi niziuze."

"Kwa bei gani? Ukiuza siku hizi umelangua."

"Balozi! Nikiweka nimeficha, nikiuza nimelangua. Nizile?"

Mzee Muhidini hakucheka. "Juzi wamemchukua yule mwenye duka wa Nyahanga kwa sababu ya matairi. Mkewe anazunguka kituo hadi kituo na sufuria ya wali, hajui ampe nani. Mimi sijaona kitu leo. Kesho nitaulizwa, na kesho nitasema."

Akaondoka. Abdu akakaa chini palepale uani, katikati ya pistoni zake, kama mtoto aliyenyang'anywa chakula.

Bloku, lile pande kubwa la injini, lilikuwa zito hata kwa kuliiba, kwa hiyo tukaliegemeza ukutani na Tabu akatua mtungi wa maji juu yake. Likawa kigoda. Ila vilibaki vile vingine: silinda hedi, stata, kabureta, pistoni, na krenki, lile chuma refu lililopindapinda ambalo pistoni hulizungusha. Hivyo havifanani na kigoda. Hivyo vinafanana na kifungo.

"Tuvitupe chooni," alisema Tabu.

"Nikutupe wewe kwanza," alisema Abdu.

Ndipo sauti ikatoka chumba cha pili.

"Nyamazeni, wajinga nyinyi. Niueni mimi."

Alikuwa Bibi Mwaisha, mama wa baba yetu. Miguu ilimkataa tangu mvua za mwaka uliopita. Akawa analala tu, akisikiliza nyumba nzima na kuitukana.

Hapa lazima nisimame niwaeleze jambo moja, maana bila hilo mtadhani sisi ni wehu. Asili yetu ni Wazaramo. Babu alikuja huku bara na reli, akaweka makazi Tinde, akafia huko. Na Mzaramo na Msukuma ni watani, mnajua wenyewe. Mtani wa babu alikuwa Msukuma mmoja mwenye ng'ombe, jina lake Bujiku. Siku ya mazishi ya babu, Bujiku alilizuia jeneza njiani, akavaa kofia ya marehemu, akatembea kama marehemu, akakohoa kama marehemu, mpaka mjane mwenyewe akacheka huku machozi yakimtiririka.

Tangu siku ile Bibi alikuwa akitaka kitu kimoja tu duniani. Azikwe Tinde, ubavuni mwa babu, na Bujiku aje amfanyie yeye vilevile. Hakutaka hitima kubwa, hakutaka ng'ombe. Alimtaka mtani wake. Kila Bujiku alipopita Kahama kuuza mifugo alikuja kumtukana Bibi, na Bibi alikuwa akimuuliza, "Umeshapanga ya kusema?" Naye hujibu, "Kufa kwanza, utasikia."

"Maiti hapekuliwi," alisema Bibi siku ile. "Vifungeni vyuma vyenu sanda, semeni ni mimi, mnipeleke Tinde. Nyumba ya babu yenu haina mtu. Vificheni huko kwenye kihenge, rudini, semeni mmenizika."

"Bibi, astaghfirullah," alisema Abdu.

"Astaghfirullah ndiyo itakutoa rumande? Nimelala hapa bure mwaka mzima, angalau kifo changu kifanye kazi. Lakini sikilizeni." Akainua kidole kama kijiti. "Siku nikifa kweli, haki yangu nipeni yote. Pale ubavuni mwa babu yenu ni pangu. Na Bujiku aje. Msije mkaniambia mlishanimaliza. Abdu, apa."

"Wallahi, Bibi."

"Na wewe, kibogoyo."

"Wallahi, Bibi," nilisema, upepo ukipita penye lile pengo.

Mtaniambia nina roho mbaya, lakini kazi ile niliifurahia. Krenki ikawa uti wa mgongo. Silinda hedi ikawa kifua. Stata na pistoni zikawa mapaja. Kabureta, kwa vile ina masikio, ikawa kichwa. Tukajazia pamba na matambara, Tabu akafunga sanda, akatia ubani mpaka tukapiga chafya. Bibi aliletwa mlangoni kwa kubebwa ili ajione.

"Mbona mmenifanya mnene?" alisema.

Alfajiri ya siku ya msako Tabu akatoka uani akapiga kilio. Anajua kulia, shemeji yangu. Amefundishwa na ndoa. Majirani wakajaa. Tukasema ameshaoshwa, ataswaliwa Tinde, ndiyo wasia wake. Mikeka ikatandikwa nje. Bibi mwenyewe akafungiwa chumbani kwake, watu wakiambiwa chumba cha marehemu hakifunguliwi mpaka wanaume warudi kutoka makaburini.

Wanaume waliobeba jeneza mpaka kwenye Landrova waliguna.

"Ee! Bibi alikuwa mwepesi kama kuku wa kienyeji. Amekula nini?"

"Mauti huongeza uzito," niliwaambia kwa sauti ya kidato cha nne. "Ni sayansi."

Wakatikisa vichwa kwa heshima. Elimu ni kitu kizuri.

Pale kwenye kizuizi cha barabarani mgambo walikuwa wakishusha watu kwenye basi, wakimwaga magunia chini, mama mmoja akilia juu ya sabuni zake. Mgambo mwenye bunduki akachungulia kwetu, akaona sanda, akavua kofia.

"Poleni sana. Ni mama?"

"Ni bibi," alisema Abdu, na chozi likamtoka kweli. Mimi najua alikuwa akililia kabureta.

"Piteni."

Tulipopita nilicheka nikapigapiga dashibodi. Tulikumbuka sanda, tulikumbuka pamba, tulikumbuka ubani, tulimkumbuka balozi na mgambo. Nilijiona mjanja kuliko Kahama nzima.

Tulimsahau mtani.

Hatukujua kwamba lile basi la asubuhi, lililotutangulia wakati majirani wanajaa uani, lilikuwa limeshafikisha habari Tinde. Tulipoikaribia Tinde, tukaona mtu amelala katikati ya barabara. Abdu akakanyaga breki. Mtu yule akainuka. Alikuwa mzee mrefu mweusi, amejifunga kanga ya kike kiunoni, kapu tupu kichwani. Nyuma yake umati.

"Simameni! Huyu mwanamke hapiti!"

Alikuwa Bujiku.

"Shikamoo, babu," nilisema dirishani.

"Sina marahaba ya Mzaramo leo! Mwaisha! Wewe Mwaisha, toka! Kapu langu la michembe liko wapi?" Akaligonga gari kwa fimbo. Halafu akainama, akashika kiuno, akaanza kutembea kama Bibi kabla miguu haijamkataa, na sauti akaitoa puani, sauti ileile. "'Mimi mtu wa pwani, bwana. Mimi viazi vilivyokaushwa sivili.' Na kapu zima limeisha! Umeona aibu kulirudisha, ukaona bora ufe!"

Watu walianguka kwa kicheko. Hata mimi nilicheka, kwa sababu alikuwa yeye, Bibi mtupu, mpaka ile namna ya kubinua mdomo akimtazama mtu masikini.

"'Bujiku, wewe ng'ombe wako wote wana majina, mkeo unamwita we!' Haya, nani ataniambia hivyo sasa? Nani, Mwaisha? Umeondoka na matusi yangu yote!"

Hapo sauti ikamkatika. Akaegemeza paji la uso kwenye mlango wa nyuma wa Landrova, juu ya yale mabati ya moto, mabega yakawa yanaruka. Kapu likaanguka. Mzee mzima mwenye mazizi analia mbele ya wake zake na wakwe zake, na mle ndani, kwa umbali wa kiganja, kuna kabureta.

Abdu akainamisha kichwa kwenye usukani.

Bujiku akajifuta kwa kanga. "Haya. Njia ina ushuru. Wewe kofia. Wewe kijana mcheshi, vua viatu. Bibi yako anapita kwa viatu vyako."

Nikavua. Akavivaa palepale, vikimbana, akatembea mbele ya gari akitusafishia njia.

"Babu," alisema Abdu, "tunaomba kwanza tumpumzishe nyumbani, pale kwa babu..."

"Nyumba gani? Paa lilianguka masika. Mnataka mama alale juani?" Akageuka, uso umejaa fahari. "Vijana wangu wamechimba tangu walipopata habari. Ubavuni mwa mumewe, kama alivyotaka. Kaburi liko tayari."

Abdu alinitazama. Mimi nilitazama miguu yangu mitupu.

Mngefanya nini nyinyi? Watu wamejaa, sheikh wa pale amekuja na watu wake, mgambo wawili wa kata wamesimama pembeni na marungu yao, nao wamevua kofia. Mngesema, "Samahanini, marehemu ni silinda hedi"?

Sheikh akapanga safu. Niliyoyasema moyoni katika swala ile hayaandikiki gazetini. Yalikuwa mafupi.

Jeneza likafikishwa kaburini. Kabla hatujashuka kupokea, Bujiku alijirusha shimoni na viatu vyangu, akajilaza palepale pa maiti.

"Hapa pangu! Mpaka nilipwe kapu!"

Watu wakacheka tena, wakambembeleza kama ilivyo desturi, akakubali kuinuka. Akanyoosha mikono juu.

"Mleteni kwangu. Nimpokee mwenyewe, maana maisha yake yote hakunipa hata mkono."

Tukamshushia. Sikuwa na jinsi nyingine. Akaupokea ule mzigo kifuani kama unavyompokea mtoto aliyelala, akayumba kwa uzito, akakaza mikono.

Nikaona vidole vyake vimesimama pale penye mgongo. Vikaenda kushoto, chuma kimepinda. Vikarudi kulia, chuma kimepinda. Akashusha pua kwenye sanda. Ubani ulikuwepo, lakini grisi ya Landrova haishindwi na ubani.

Akainua macho. Hakumtazama Abdu. Alinitazama mimi.

"Mzee Bujiku, kuna nini?" aliuliza sheikh.

Mgambo mmoja akasogea kuchungulia. Nikamwona kaka yangu ameshafungwa pingu, nikamwona Tabu anazunguka vituoni na sufuria ya wali.

Bujiku akaupandisha ule mzigo kifuani. "Amepoa sana," alisema polepole. "Sijawahi kushika mwanamke aliyepoa hivi."

Akakilaza kile kitu ndani ya mwanandani, taratibu, akakielekeza kibla. Akapanda juu bila kushikwa mkono. Akamnyang'anya kijana mmoja jembe.

"Fukieni," alisema. "Shindilieni. Huyu asitoke."

Na alishindilia yeye mwenyewe, kwa miguu, na viatu vyangu.

Watu walipokwenda kunawa alinishika ukosi akanivuta nyuma ya gari.

"Mwaisha yuko wapi?"

"Kahama, babu. Chumbani kwake."

"Anapumua?"

"Na anatukana."

Alinizaba kofi la mtu anayeangusha ng'ombe. Jino langu la pili likacheza.

"Nimelilia chuma," alisema. "Mbele ya watoto wangu. Unajua maneno yale nimeyapanga tangu lini? Tangu tulipomzika babu yako. Nikichunga, nayapanga. Nikilala, naongeza moja, naondoa moja. Yalikuwa ya Mwaisha. Nimeyamwaga kwenye spea!"

"Babu, atakapokufa kweli..."

"Atakapokufa kweli mtajizikia wenyewe. Mimi yangu yamekwisha. Utani wa namna hiyo mtu anafanyiwa mara moja."

"Msako ukipita tutafukua, babu. Pale patakuwa pake tena."

"Mfukue? Kaburi lililoswaliwa, Tinde nzima ikiona? Mkionekana pale na jembe, watu hawataita mgambo. Watawamaliza wenyewe." Akafungua mlango wa mbele, akapanda. "Twendeni."

"Wapi?"

"Kwake. Nikamwambie usoni."

Tukarudi naye. Tulipoingia Nyahanga injini ile ya dizeli ikaanza kugonga, kwanza kidogo, kama mgeni mwenye adabu, halafu kama mwenye nyumba. Abdu akaibembeleza kwa gia. Ikatufikisha mlangoni Nyasubi, ikapiga kishindo kimoja, moshi, kimya.

Abdu akafungua boneti, akafunga.

"Imenoki," alisema. Akanigeukia. "Nilisema tuweke. Nilisema siku itafika nizihitaji."

"Umeweka, kaka," nilimwambia. "Mbona umeweka vizuri sana."

Hakunipiga. Heri angenipiga.

Nje mikeka ilikuwa imejaa. Balozi Muhidini akainuka kutupokea, kofia mkononi.

"Amezikwa salama?"

"Salama, balozi."

"Mungu ampe kauli thabiti. Nyumba yako wameiruka leo, Abdu. Niliwaambia kuna msiba, nikaapa kwa jina langu." Akamwona Bujiku. "Na mtani mmekuja naye! Wabeja, mzee, asante sana."

Bujiku akaitikia kwa kichwa, akapita.

Tabu alikuwa akisimamia ule mlango mchana kutwa, macho mekundu kwa kulia kwa zamu. Akafungua, tukaingia wote, akasukuma mlango nyuma yetu. Bibi alikuwa ameegemea ukuta, bakuli la uji mapajani.

"Nimezikwa?" alinong'ona.

"Umezikwa, Bibi."

"Nilikuwa mzito?" Kisha akamwona nani yuko nyuma yangu. "Msukuma! Nani kamruhusu mchunga ng'ombe chumbani kwa mwanamke?"

Yote haya kwa mnong'ono, maana waombolezaji walikuwa upande wa pili wa ukuta. Sijawahi kuona watu wakitukanana kwa sauti ndogo hivyo.

"Mwizi wa makapu wewe," alinong'ona Bujiku. "Umenidhalilisha."

"Nimekufanya nini, jitu kama mlingoti wa bendera?"

"Nimekufanyia utani wako. Barabarani, Tinde. Wote."

Bibi akaweka bakuli chini.

"Wote?"

"Wote."

"Na lile la mkeo na ng'ombe?"

"Na lile."

"Watu walicheka?"

"Walianguka."

"Ukalia?"

Bujiku akatazama dari. "Nikalia."

"Ukalilia krenki."

"Nikalilia krenki."

Bibi akajiinua kidogo ukutani. Akamgeukia kaka yangu, na sauti yake ikawa ya kizee, ambayo kwake sikuwa nimeizoea. "Abdu. Kihenge kilikuwa salama?"

Abdu akatazama sakafu.

"Abdu. Pangu pako wapi?"

"Bibi... walikuwa wameshachimba. Kulikuwa na mgambo. Tungefanya nini?"

"Mmezika vyuma pangu." Hakuuliza. Alikuwa akijisomea. "Ubavuni mwa mume wangu nimelaza stata."

Nje mtu alikuwa akimsifu marehemu, jinsi alivyokuwa mpole, uongo mtupu.

"Basi rudia," Bibi alimwambia Bujiku.

"Nini?"

"Rudia. Mimi ndiye mwenyewe na sikuwepo. Umewafanyia watu wa Tinde, nifanyie mimi."

"Sirudii. Nimekwisha, Mwaisha."

"Rudia, Msukuma, la sivyo kapu lako sikupi."

Bujiku akaegemeza fimbo yake ukutani. Halafu akaivuta kanga ya Tabu iliyokuwa kwenye kamba ya chumbani, akajifunga kiunoni, akachukua ungo akauweka kichwani badala ya kapu. Akainama, akashika kiuno, akaanza kutembea kutoka ukuta hadi ukuta, polepole, viatu vyangu vikilia nyii, nyii.

"'Mimi mtu wa pwani, bwana...'"

Bibi akajiziba mdomo kwa pindo la kanga. Mabega yakaanza kutikisika.

"'...viazi vilivyokaushwa sivili...' Na kapu zima limeisha!"

Alicheka machozi yakashuka, akang'ata kanga asisikike nje, akampungia mkono aendelee, aendelee. Tabu naye akacheka. Mimi nikacheka. Abdu, aliyepoteza gari na injini zake mbili kwa siku moja, akacheka mpaka akashika ukuta. Bibi akakohoa, akacheka, akakohoa, akalaza kichwa.

Bujiku alikuwa ametupa mgongo, anaelekea ukuta wa pili. "'Ng'ombe wako wote wana majina, mkeo unamwita we!' Haya, nani ataniambia hivyo sasa? Nani, Mwaisha?"

Akasubiri kicheko. Akageuka.

Tabu alikuwa amepiga magoti kitandani, kiganja mbele ya pua ya Bibi. Pindo la kanga lilikuwa bado katikati ya meno ya Bibi. Macho yalikuwa yanamtazama mtani.

"Bibi," alisema Tabu. "Bibi, acha mchezo."

Haukuwa mchezo.

Abdu ndiye aliyezungumza kwanza, na neno alilolisema sijamsamehe mpaka leo.

"Gari halitembei."

"Na kaburi lake limejaa," alisema Tabu.

"Na keshazikwa," nilisema mimi, kwa sababu mdomo wangu hauna breki, nilishawaambia.

Bujiku alisimama na ungo kichwani. Alishasema amekwisha, nikadhani hana machozi mengine. Kumbe anayo. Ungo ukaanguka, akapiga magoti, akamshika Bibi ule mkono aliokuwa akinyimwa, na likamtoka yowe la kumwita mama kwa Kisukuma, ambalo hata kama ningemziba kwa godoro lisingezibika.

"Mayu! Mayu wane!"

Nje, sifa zikakatika. Nikasikia mkeka ukisogezwa, halafu kandambili za mtu mzima zinakuja ukumbini, bila haraka, mpaka nje ya mlango wetu. Ni mtu mwema, na hawezi kusema uongo.

"Abdu? Fikirini?" aliita Mzee Muhidini. "Nani amekufa tena humo?"

Wote walinitazama mimi. Katika nyumba ile, wa kujibu watu siku zote ni mimi.

Nikatazama mlango. Tabu, tulipoingia, aliusukuma tu. Komeo hakulirudisha.

Mlango ukaanza kufunguka.